Mwaka wa Telenikos

Asubuhi ya kura tulichanganya maharage meupe na meusi chunguni, kama ilivyo desturi hapa Athene, maana tunayaamini maharage kuliko tunavyoaminiana. Harage jeupe likamwangukia Telenikos mfinyanzi. Ndiye ambaye angekuwa mkuu wa mji, na mwaka ungeitwa kwa jina lake.

Telenikos alikuwa amekufa vitani, merikebu yake ilipozama. Makamanda wetu walishinda vita vile, wakawahi kurudi kushangiliwa, wakawaacha maiti majini. Adhuhuri Telenikos mwenyewe alifika barazani, nguo zinachuruzika, akaomba radhi kwa kuchelewa.

Wazee wakamhoji kama wanavyomhoji kila mkuu mpya.

"Wazazi wako unawatunza?"

"Ningekuwa nao sasa hivi kama mngenizika."

"Kaburi la ukoo unalo?"

"Lipo, nje ya lango. Ni mimi tu nisiyemo."

"Maadamu lipo, umepita," wakasema.

Mkewe, Nausimake, alimtandikia mkeka karibu na mlango, maji yasienee nyumba nzima. Telenikos aliongoza vizuri. Yatima walipata haki zao, na rushwa hakuigusa. Mizeituni ilizaa sana. Walikufa washairi wawili, tukawalilia hadi sauti zikatukauka. Tulijisifu mno kwa kuchagua mtu wa namna hii, utadhani maharage yalitushauri kwanza.

Katika kikao cha mwisho alisimama.

"Naomba merikebu moja tu. Mifupa yangu iko chini ya mwamba ng'ambo kule, nitawaonyesha mwenyewe."

Kamanda mmoja akaruka. "Tukienda kuichukua, si tutakuwa tumekiri kwamba tuliiacha?"

Hoja hiyo ilituingia. Sisi hoja nzuri hutulewesha kuliko divai.

"Jamani, muoneeni huruma! Mtu wenu huyo!" Nausimake alipiga kelele nje ya uwanja. Wanawake hawaruhusiwi kikaoni, kwa hiyo hatukumsikia, ingawa alisikika hadi bandarini.

Tukapiga kura: apewe taji la majani ya mzeituni na sanamu ya shaba. Merikebu ikakataliwa. Telenikos alishukuru kwa adabu. Iliuma kumtazama, lakini mikono tulikuwa tumeshainyoosha.

Kesho yake alirudi baharini kwa miguu, taji kichwani. Nausimake alimfuata amembebea viatu, hadi maji yakamfika kiunoni. Sisi tulikuwa sokoni tunagombana kama sanamu ielekee mashariki au magharibi.