Kifaa Bado Kinatumika

Jumanne saa nne asubuhi, mwanamume mmoja aliingia kwenye duka la video akiwa ameinua mkono wa kulia juu ya kichwa, glasi mkononi. Alikuwa hivyo tangu Jumapili. Alipita mlangoni kwa ubavu ili glasi isigonge, akaketi kwenye benchi la wateja, akasubiri zamu yake kama watu wengine.

Msichana aliyeitwa Kimya alikuwa anapangusa rafu ya betri kwa kipande cha fulana. Ndiye aliyefagia duka, akachaji betri na kukunja nyaya. Jina hilo alipewa na tajiri wake, mpiga video ambaye mji mzima ulimwita Dairekta, kwa sababu mwezi mzima wa kwanza hakumsikia akisema lolote zaidi ya "ndiyo" na "tayari".

"Wewe si mjomba wa bibi harusi?" Dairekta alimuuliza mgeni.

"Ndiye mimi. Nilikuwa nawatakia maharusi heri."

"Nilikuchomoa katikati. Samahani, mjomba, nilikuwa na haraka."

Alichukua kikasha cheusi kinacholingana na kipande cha sabuni. Mwenyewe alikiita eksteno, na ndani yake mlikuwa na harusi nzima ya Jumapili. Alichomeka waya kwenye kompyuta. Taa ndogo ya buluu ikawaka, kikasha kikanguruma kama paka aliyeshiba, na hotuba ikaendelea pale ilipokatikia. Mjomba wa kwenye kioo cha kompyuta akamaliza kuwatakia heri, akanywa, akaketi. Mjomba wa kwenye benchi akashusha mkono.

"Afadhali," alisema akijikanda bega. "Kuvaa shati kulinishinda kabisa." Akaacha glasi kaunta, akaenda zake.

Dairekta akachomoa waya palepale.

Ndivyo alivyofanya siku zote, na kila harusi aliyoipiga iliacha mtu njiani. Kulikuwa na shangazi aliyekaa wiki mbili na mguu mmoja hewani, akisubiri muziki urudi. Kwenye kioo palitokea maneno kila mara, na Dairekta aliyafuta kila mara. Yeye alisoma haraka, yaani hakusoma. Kimya aliishia darasa la tano. Alisoma polepole, neno moja baada ya jingine, kwa hiyo alifika mwisho. Maneno yalisema: *Ondoa kifaa kwa usalama kabla ya kuchomoa.*

Mchana alikwenda nyumbani kula. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, mikono juu ya beseni. Maji yalimtiririka viwikoni tangu Jumapili. Vidole vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, na mabega yalikwenda mbele na nyuma hata alipofumba macho. Hiyo ilikuwa siku ya tatu hajalala. Daktari alimpa dawa ya kupaka, ikaelea kwenye beseni.

"Yamebaki masufuria mangapi, Mama?"

"Kumi na moja. Nikimaliza la kumi na moja, la kwanza limeshachafuka."

Kimya alimwaga beseni, akalirudisha chini ya mikono. "Nani aliwaaga kule harusini siku ile?"

"Atuage nani, mwanangu? Tulisikia honi za magari tu, tukajua wenye shughuli wameondoka. Tukaendelea kusugua."

"Na Dairekta aliwapiga picha?"

"Alipita nyuma ya turubai na kamera yake akitafuta choo. Nadhani alisahau kuizima."

Kimya hakula. Alirudi dukani akiwaza.

Kesho yake mama wa bibi harusi alikuja kuchukua filamu. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mkoba mkubwa na saa ndogo, na saa aliitazama mara kwa mara. Dairekta alikuwa amemaliza kazi. Alimkabidhi filamu yake, akasema eksteno anaitaka kwa harusi ya Jumamosi, ataifuta yote jioni ile, akashika waya.

"Usichomoe," Kimya alisema.

Dairekta akageuka kutazama mlangoni. "Nani huyo?"

"Mimi."

"Kumbe unaongea!"

Kimya alishika kipanya. Alibonyeza pale alipopasoma siku nyingi. Kompyuta ikajibu: *Kifaa hiki bado kinatumika.*

"Kinatumiwa na nani?" Dairekta aliuliza. "Nimefunga kila kitu. Ona, wageni wote wameondoka." Akaonyesha ukumbi kwenye kioo. Viti vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, taa zimezimwa.

"Kuna watu jikoni."

Katika eksteno kulikuwa na folda ambayo Dairekta aliiita Takataka. Humo alitupa vipande vyote visivyofaa. Kimya aliifungua. Nyuma ya turubai, kando ya jivu, wanawake watano walikuwa wameinama juu ya masufuria yanayotosha mtu kuingia. Wa pili kutoka kushoto alikuwa mama yake.

Mama wa bibi harusi alivaa miwani. "Hao ndio kina nani?"

"Wapishi wako," Kimya alisema.

"Ala! Mbona hawajaenda kwao?"

"Hawajaagwa."

"Kwani wapishi nao wanaagwa?" Hakuuliza kwa ubaya, hakujua tu. Akatazama saa. "Basi waage wewe, binti. Mimi nasubiriwa saluni." Akachukua filamu yake, akatoka.

Kimya alivua viatu, akavipanga chini ya kaunta. Alikunja mikono ya blauzi, akafunga sketi vizuri, akaingia kwenye kioo kwa mguu wa kushoto. Dairekta alimshikia waya usicheze.

"Ukirudi usiniloweshee kibodi," alimwambia.

Nyuma ya turubai palikuwa na moshi na harufu ya mafuta yaliyoungua. Mama alimpa waya wa kusugulia bila kuinua kichwa.

"Umechelewa."

"Nilikuwa nasoma, Mama."

Wakasugua wote sita. Kimya alichukua masufuria yaliyotakata, akayapindua kifudifudi moja moja, na lililopinduliwa halikuchafuka tena. Alipopindua la kumi na moja, alipanda juu yake. Hakuwahi kusimama mbele ya watu. Darasani alikuwa akijibu huku ameinamia dawati.

"Mama zangu," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyoijua, "kazi imekwisha. Watu wamekula, wameshiba, wamesifu. Asanteni sana. Nendeni mkapumzike."

Maneno hayo yalitoka kwenye spika zote mbili za duka. Ng'ambo ya barabara, fundi viatu aliacha nyundo, akapiga makofi.

Wanawake walinyoosha migongo, na migongo ikalia kama kuni kavu. Mmoja mnene alimtazama Kimya kuanzia juu hadi chini. "Mwanao huyu ndiye uliyesema haongei?"

"Alikuwa anajiwekea akiba," Mama alijibu.

Wakacheka wote. Walifuta mikono, wakachukua mafurushi yao, wakatoka kwenye mwanya wa uzio wakisimuliana mambo ya kwao. Kimya alisubiri hadi wa mwisho apotee, ndipo akarudi dukani. Alisimama mbali na kibodi mpaka alipojikausha.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Eksteno zote sita za duka ziliitwa Diski Mpya, jina zilizokuja nalo, na Dairekta alizitofautisha kwa mikwaruzo. Kimya aligusa jina hilo, likakubali kufutika. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: MAMA NA WENZAKE. Kisha akabonyeza tena.

*Sasa unaweza kuondoa kifaa hiki kwa usalama.*

Taa ya buluu ikazimika yenyewe, kama jicho linalofumbwa. Kimya akachomoa. Mji mzima, hapakuwa na mtu aliyebaki mguu juu wala kijiko mdomoni.

Dairekta alisoma jina la kikasha. Safari hii alisoma hadi mwisho. "Basi hii haifutwi," alisema. "Tutatumia nyingine. Na kuanzia leo, kuchomoa ni kazi yako. Mimi nisiguse."

Saa kumi jioni Kimya alimkuta mama yake amelala kwenye mkeka, mdomo wazi, mikono kifuani. Mikono ilikuwa mikavu kabisa. Beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani. Alikaa kando yake, akamsikiliza akikoroma. Ulikuwa mkoromo mzito wa mtu asiyedaiwa kitu na mtu yeyote, na Kimya alijisikia mrefu kama mlango.

Mama wa bibi harusi aliwaita majirani kutazama filamu. Iliendelea kwa saa tatu. Chakula kilitokea mezani chenyewe, sahani zikaondoka zenyewe, na majirani wakasema harusi ile ilikuwa safi mno.

Jumamosi Mama aliitwa tena kupika, harusi nyingine.

"Watawaaga safari hii?" Kimya aliuliza.

"Nani, wale?" Mama alicheka akijifunga kitambaa kichwani. "Mwambie Dairekta apite jikoni, na kamera asiizime. Na Jumatatu uwahi kazini uje utuage, mwanangu. Masufuria ni kumi na sita."

Kimya alinunua waya mpya wa kusugulia, akautia mkobani pamoja na eksteno tupu.