Rangi ya Kucha ya Profesa Voahangy

Profesa Voahangy amechunguza nyigu katika msitu wetu wa Ranomafana kwa miaka ishirini na sita. Mimi ni msaidizi wake. Nyigu anayetoka kuwinda tunamtia mgongoni doa jekundu la rangi ya kucha. Anayebaki kiotani, jeupe. Jina la Profesa lilivuma alipoandika kwamba wanaobaki huwashambulia wawindaji wakirudi.

Mwezi uliopita nyekundu iliniishia, nikawatia wote nyeupe.

"Haja," Profesa akaniita, "mbona leo hawagombani?"

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia.

Alikaa chini, akanywa maji yake ya ukoko wa wali. "Kumbe miaka yote walikuwa wanapigana na rangi yangu."

"Nani atajua, Mama? Nyigu hawasomi."

"Wewe umeshajua."

Nilimkasirikia, sifichi, nusu ya maisha yangu nimeumwa na nyigu kwa ajili ya habari ile. Tulirudia jaribio wiki tatu bila nyekundu, hawakugombana. Ndipo akaliandikia jarida lililomchapisha kwamba alikosea, mistari minne tu.

Kesho yake nilimkuta keshafika kiotani, daftari jipya mapajani.

"Umechelewa," akasema.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa: Nyigu wa kwanza.