Kasa wa Mkato

Kompyuta ya ofisi yetu ni ya maandishi matupu, haina kipanya. Ukitaka kusahihisha herufi, unasogeza kwa vitufe kile kijiti kinachopepesa, ambacho sisi tunakiita kasa. Fundi wetu, jina la utani Mkato, hataki kuona mtu anagusa kitufe cha mshale. "Mishale ni ya wawindaji!" hufoka, utadhani umemtukania ukoo.

Asubuhi ile tangazo alilochapa lilikuwa tayari linaonekana kwenye skrini kubwa ya mlangoni: "Mgeni rasmi atafungwa saa nne." Alikusudia "atafungua".

"Bonyeza mshale mara kumi na tisa, baba, yaishe," akasema mama wa masijala.

"Kumi na tisa? Mama, huo ushamba! Mimi nafika kwa vitufe vitatu."

Akachukua karatasi, akaanza kupiga hesabu ya vitufe gani. Akakata, akaandika upya, akakata tena. Haraka yake ilikuwa imekaa kitako.

Saa nne kasorobo mgeni rasmi akashuka garini, akasoma tangazo, akarudi garini. Gari likaondoka.

"Vitatu!" Mkato akaruka kitini. "Mmeona? Vitatu tu!"

Bosi akaketi penye kompyuta, akafungua orodha ya wafanyakazi, akabonyeza mshale. Tena. Na tena, taratibu, mara thelathini na moja, mpaka kasa akafika kwenye jina la Mkato.

Sote tulihesabu. Kisha akafuta.