Theluji ya Marehemu Ruphin

Jumamosi ya pili ya Januari, Ruphin alikuwa uani huko Jacobs, mtaa wa viwanda kusini mwa Afrika, akifua ovaroli ya kazini, jua linachoma utosi, theluji ilipoanza kuanguka juu ya bati la chumba chake. Ilianguka kwenye bati hilo tu. Benedicta, jirani yake Mtanzania, alianua nguo zake zilizokuwa karibu. "Baba Peguy," alisema, "hiyo ni ya kwako."

Ilikuwa ya kwake kweli. Mkewe Laetitia alipelekwa Norwei na mpango wa wakimbizi miaka minne iliyopita, mtoto wao Peguy angali mgongoni. Fungu la Ruphin la theluji lilikuwa limechelewa tu, kama mambo yote ya wakimbizi yanavyochelewa.

Kubaki kwake alijitakia. Enzi zile watu walinong'onezana kanisani kwamba dossier, yaani faili la maombi, ya mjane hutembea haraka. Laetitia, mimba ikiwa changa, alikataa na kulia. Ruphin ndiye aliyembembeleza. "Andika nilikufa. Ukifika kule, utaniita." Dossier yenyewe ilijikokota miaka miwili, sawa na za wenye waume.

Bati likaanza kubonyea. Mkongomani hakosi ndugu popote, basi simu zikapigwa. Kaka wa Léonard, yule mwenye duka la simu, alisema kwamba kwao Kanada malori hupita alfajiri yakimwaga chumvi. Ruphin akamwaga magunia mawili, bati likala kutu. Rafiki wa Benedicta anayesoma Japani akasema kule barabara hunyunyiziwa maji ya uvuguvugu. Ruphin akajaribu, godoro likalowa. Laetitia alipoelezwa alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Panda juu na pelle, ile koleo, kila asubuhi, mbele haijakuwa nzito. Huku kila nyumba bwana anafanyaka hivyo."

"Na kwako nani anapandaka?"

"Ni miye."

Jumatatu moja Ruphin alijaza ndoo theluji iwe ushahidi, akaipeleka kwenye ofisi inayopokea maombi ya kuunganisha familia. Karani alichota kidogo kwa vidole, akakubali kwamba ni theluji ya Norwei, akaiandika kwenye fomu. Kisha akafungua faili.

"Mume wa huyu mama alifariki."

"Mume ni miye."

"Naona," karani alisema kwa upole. "Lakini alifariki." Akamrudishia ndoo yake.

Siku hizi Ruphin hupanda juu na koleo kabla ya kuwahi taxi ya kwenda kazini Mobeni. Ile anayoishusha, Benedicta huizoa kwa beseni na kupoozea samaki anaowauza soko la Warwick. Mwenye nyumba alilalamika juma moja, akachoka.

Jumapili moja baada ya ibada Ruphin alipiga simu Norwei, akapokea Peguy.

"Bonjour, tonton."

Mama yake alimfundisha kumwita mjomba tangu alipoanza kusema, asije akateleza ulimi mbele ya watu wa serikali. Ruphin alijua, na bado iliuma. Hakuwa na wa kumlaumu.

"Leo neige, theluji ya huko, imefika wapi?"

"Iko mpaka kwa magoti."

"Hata huku. Ambia mama asipande juu peke yake, atateleza."

"Atapanda tu, tonton," Peguy alisema, kwa sauti ya mtoto anayejibu swali la mwalimu. "Papa yangu alikufa."