Kelele Makaburini

Verna Hlavacek alikuwa amechoka hata kulia. Tangu wanajeshi wawili wagonge mlango wake na kumwambia kwamba mwanawe Curtis ameuawa na bomu la barabarani huko Iraki, watu walikuwa hawaishi kuingia na kutoka nyumbani kwake, kila mmoja na sinia la viazi vilivyookwa kwa jibini, na kila mmoja na jambo la kumuuliza. Jeneza liwe la rangi gani. Picha ipi iwekwe mbele. Nyimbo zipi. Alijibu yote kama anavyowajibu watoto wa shule anapowapakulia chakula kantini, bila kuinua uso. Sasa, siku moja kabla ya maziko, mdogo wake Leland, naibu sherifu katika polisi ya wilaya, alikuwa amekaa jikoni na kofia yake mapajani, na ilionekana naye ana jambo.

"Wanakuja, dada," alisema.

"Nani?"

"Wale wa kanisa. Wale wa mabango."

Verna hakuhitaji kuelezwa zaidi. Jimbo zima la Nebraska liliwajua. Kanisa lenyewe lilikuwa la ukoo mmoja tu, baba na watoto na wakwe na wajukuu, wenyeji wa jimbo la jirani, na kazi waliyojipa hapa duniani ilikuwa kwenda kwenye maziko ya wanajeshi na kutangaza kwamba Mungu ndiye aliyewaua, kwa sababu Marekani imeoza. Marehemu hawakumjua, wala hawakuhitaji kumjua. Walisoma tangazo gazetini, wakapakia mabango na watoto garini, wakashika njia. Ukitafuta watu wa kujitolea kama hao kwa ajili ya zimamoto ya kijiji, huwapati.

"Na wewe utawafukuza," Verna alisema.

"Siwezi."

"Leland, una bastola kiunoni na gari lenye taa."

"Hata ningekuwa na kifaru. Sheria mpya inasema wakae umbali wa futi mia tatu. Nimekwenda kupima mwenyewe. Kutoka kaburini mpaka ng'ambo ya barabara, pale kwenye mahindi ya kina Sobotka, ni mia tatu na kidogo. Barabara ni ya umma. Wakisimama pale, wana haki. Na yule mama anayewaongoza ni mwanasheria, dada. Anaomba kwa Mungu mtu amsukume, apate kushtaki."

Mzee Bohumil, baba mkwe wa Verna, alikuwa mezani anakula andazi lenye jemu ya plamu. Mwanawe Ray, mume wa Verna, alikufa kwa saratani miaka mingi nyuma, na tangu hapo mzee na mkwewe waliishi nyumba moja, wakivumiliana na hatimaye wakipendana. Masikio ya mzee yalikuwa yameharibiwa na matrekta. Kifaa alichovaa sikioni kilimletea nusu ya mazungumzo, na nusu nyingine aliitunga mwenyewe.

"Waacheni waseme," alisema mzee. "Mimi kule kwetu, chini ya wakomunisti, nilimwona jirani akifungwa kwa utani alioutoa baa. Utani wenyewe haukuchekesha hata kidogo. Ndiyo maana nilikimbilia huku."

"Huyu atakuwa mjukuu wako ndani ya sanduku, mzee," Leland alisema kwa sauti kubwa.

"Najua ni nani," mzee alijibu, na andazi likabaki mkononi.

Verna alimtazama mdogo wake. "Kwa hiyo kesho utasimama upande gani?"

"Katikati. Nitawageuzia mgongo, nikutazame wewe. Uwezo wangu unaishia hapo."

Jioni hiyohiyo akaja Duane. Alikuwa fundi wa kuchomelea mstaafu, ndevu mpaka kifuani, jaketi la ngozi lililojaa beji. Alikuwa mkubwa wa waendesha pikipiki ambao siku hizo walikuwa wakizunguka majimbo kuzikinga familia dhidi ya watu wa mabango. Desturi yao ilikuwa moja na hawakuivunja: hawaendi msibani bila kualikwa na mama au mjane mwenyewe. Kwa hiyo alisimama kwenye mlango wa jikoni, kofia mkononi, akisubiri kualikwa.

"Tunafanya mambo mawili, mama," alieleza. "Tuna bendera kubwa. Tunajipanga mstari, usiwaone. Na tuna injini. Wakifungua mdomo tu, tunapiga resi, usiwasikie. Chagua wewe."

Verna alikuwa amechoka kuchagua. "Vyote," alisema.

"Wakiimba tu, tupige?"

"Wakiimba tu, pigeni."

Duane akainamisha kichwa kwa heshima, akakubali andazi moja, akaondoka. Ni mtu mwema, na nasema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu yaliyotokea kesho yake hayakutokana na ubaya wa mtu aliyekuwa upande wetu.

Verna alikuwa na haja moja tu katika mazishi yale. Curtis alipojiandikisha jeshini waligombana vibaya. Verna alimwambia nchi hii itamsahau kabla hajapoa. Curtis, ambaye hakuwahi kushindwa kwa maneno, alicheka akasema, "Itakuja kukushukuru mlangoni, mama, mpaka uichoke." Tangu hapo ugomvi ule haukupata mwisho. Na Verna alijua, kama ajuavyo kila mtu katika mji ambao umeshazika vijana wake, kwamba mwisho wa maziko ya kijeshi askari hupiga goti mbele ya mama, humkabidhi bendera iliyokuwa juu ya jeneza, na humwambia maneno ya shukrani ya taifa zima. Maneno hayo aliyataka. Aliyataka ayasikie kwa masikio yake, ili aweze kumwambia Curtis, haya, umeshinda.

Kesho yake upepo ulivuma wa kukata ngozi. Watu wa mabango walikuwa wameshafika, saba tu, wamejipanga kando ya mahindi yaliyokauka. Mwanasheria alivaa koti jekundu na alikuwa na bango kila mkono. Leland alisimama katikati ya barabara, mgongo kwao, kama alivyoahidi. Watu wa Duane waliinua bendera zao, na Verna alipoketi kwenye kiti cha mbele hakuona ng'ambo isipokuwa kitambaa kinachopepea.

Mchungaji alisoma, na wale hawakusema kitu. Akaomba, wakanyamaza. Bunduki zikapigwa, tarumbeta ikalia, kimya. Verna akaanza kupumua. Akafikiri labda baridi imewashinda, labda wana utu kidogo.

Utu haukuwemo. Wale watu walikuwa wamehudhuria maziko mengi kuliko mchungaji mwenyewe, na walijua ni dakika ipi inayouma. Walisubiri askari waikunje bendera, pembe juu ya pembe, mpaka ikawa kama mto mdogo wa pembetatu. Walisubiri sajenti kijana aichukue, ageuke, apige goti. Hapo ndipo walipoanza kuimba.

Na Duane, mtu wa kutimiza ahadi, akainua mkono.

Pikipiki zote zikanguruma kwa mpigo. Ardhi ilitetemeka chini ya viti. Mzee Bohumil alijishika sikio, akakitoa kifaa chake na kukitia mfukoni. Mbele ya Verna, midomo ya sajenti ilikuwa inacheza. Aliitazama ile midomo kwa nguvu zake zote. Ilicheza, ikasita, ikacheza tena, ikafungwa. Sajenti akaiweka bendera mapajani mwa Verna na kuanza kuinuka.

Verna alimshika mkono wa koti. "Sijasikia," alisema, na yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

Akasimama. Bendera kaipachika kwapani, akapita kati ya makaburi, visigino vikizama kwenye udongo, mpaka alipo Duane. Akaufanya mkono wake kama anazungusha ufunguo.

"Zima."

"Mama, wanaimba!" Duane alipaza sauti sikioni pake. "Ulisema wakiimba!"

"Najua nilivyosema. Zima."

"Utasikia kila kitu wanachosema. Mambo machafu, mama."

"Duane, chakula kipo kanisani kwetu na wewe utakula wa kwanza. Lakini zima."

Akazima. Wenzake wakazima mmoja mmoja, na pikipiki moja kuukuu ikakohoa peke yake kwa muda kabla ya kunyamaza. Halafu ule wimbo ukavuka barabara, wazi kabisa. Waliimba vizuri, na hilo lilimkera Verna kuliko yote. Waliimba kwa sauti nne, watoto juu, wanaume chini, kwa tuni ya kanisani ambayo kila mtu pale aliijua tangu utotoni, ila maneno waliyatia ya kwao. Shingo ya Leland ilikuwa nyekundu. Alimtazama dada yake kana kwamba anaomba ruhusa. Verna akatikisa kichwa kukataa, akarudi kiti chake, akamrudishia sajenti bendera.

"Rudia."

Sajenti alikuwa kijana, pengine hamzidi Curtis kwa miaka mitatu. "Mama, huwa inasemwa mara moja."

"Nani atakukataza? Wale hawajakatazwa, ukatazwe wewe?"

Akapiga goti tena. Safari hii alisema polepole. "Kwa niaba ya Rais wa Marekani, Jeshi la Nchi Kavu, na taifa lenye shukrani, tafadhali pokea bendera hii iwe ishara ya kuthamini utumishi mwaminifu wa mpendwa wako."

Verna alisikia kila neno. Akangoja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Jina lake halimo?"

Sajenti alitazama chini. "Halimo kwenye maneno tuliyopewa. Samahani, mama."

Si kosa lake. Alikuwa amekariri, kama wale wa ng'ambo walivyokuwa wamekariri. Verna alitaka kumwambia hivyo ili apoe, lakini hakuwa na nguvu. Mzee Bohumil alimgusa goti.

"Amesemaje?"

Verna aliinama kwenye sikio lake. "Anasema taifa linashukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa Curtis."

Mzee alifikiri. Aliyatazama yale mabango ng'ambo, sasa bendera za Duane zilipokuwa zimeshuka. "Na wale? Wanaimba nini?"

Angeweza kumdanganya. Siku nyingine angemdanganya. Kiitikio kilikuwa kimefika, nao walikirudia bila kuchoka: asante Bwana kwa jeneza hili, asante kwa lijalo.

"Nao wanashukuru, baba."

"Wanamshukuru nani?"

"Mungu."

"Kwa lipi?"

"Kwa Curtis."

Mikono mikubwa ya mzee, mikono ya shambani, ilikuwa imelala mapajani, haina kazi. Aliwatazama askari, akawatazama wale wa mahindini, kisha akalitazama shimo.

"Wote wanashukuru," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Hakuna hata mmoja anayesema afadhali angebaki nyumbani?"

Watu walijikunyata kwenye viti. Ndilo neno ambalo Verna hakuwa ameruhusiwa kulimaliza tangu siku ile mlango ulipogongwa. Kila alipolianza, mwanamke mmoja alimshika mkono na kumwambia, usiseme hivyo, Verna, amekufa shujaa. Hakuna sheria iliyomzuia, wala futi zilizopimwa. Alizuiwa na viazi na huruma.

"Hilo ni la kwetu, baba," alisema.

"Basi lisemwe. Mimi sikulisikia."

Verna akainama tena sikioni pa mzee, akalisema kwa sauti ya kumfikia kiziwi: afadhali angebaki nyumbani, afadhali Curtis angebaki nyumbani. Mji mzima ukasikia. Hakuna aliyemshika mkono. Ng'ambo ya barabara walikuwa wamefika ubeti wa tatu.