Unga wa Jiwe Tupu

Elieza alikuwa kizingitini akichambua mlenda, jua limeshashuka nyuma ya stesheni, mlio wa jiwe la kusagia ulipoanza ndani ya chumba chake. Hakugeuka. Alimaliza majani yaliyobaki, akatupa vijiti nje, akaingia kuitandika ngozi ya ng'ombe pale kwenye kona, maana jana yake alichelewa na unga ukamwagika chini.

Jiwe lenyewe halikuonekana. Kulikuwa na mlio tu, na mlio ulikuwa wa mama yake. Kila mwanamke ana mkono wake wa kusaga, na mtoto aliyebebwa mgongoni mwa msagaji haukosei mkono huo hata azeeke. Mama yake Elieza husukuma kwa nguvu, akavuta polepole, halafu akatulia kidogo kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Mama huyo alikuwa kwao, upande wa Mtera, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Unga wake ulidondoka Dodoma, juu ya ngozi, unga wa uwele, laini kabisa.

"Mama yako leo kawahi," Mwamvua alisema kutoka chumba cha pili. Alikuwa mjane kutoka Kondoa, muuza tumbaku, na ukuta uliowatenganisha haukuzuia kitu.

"Kawahi," Elieza akajibu.

"Wagogo bwana! Wengine mama zetu wakitukumbuka hutuletea ndoto. Wewe unaletewa unga. Utanipa kibaba?"

Akampa. Mwamvua akaupima kwa vidole, akasema hauna hata chembe ya mchanga, na kwamba aliyeusaga ni mtu safi. Elieza akasema ni kweli.

Mji wenyewe ulikuwa haujamkubali, au yeye hajaukubali, ni vigumu kujua nani aliyeanza. Kwao mtu hulala na pumzi za ng'ombe upande wa pili wa ukuta. Hapa alilala na filimbi ya gari moshi. Siku za kwanza alimsalimu kila aliyekutana naye njiani, "Mbukwa!", na watu wakacheka. Kwao alikuwa mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, wenye zizi lile. Hapa alikuwa Mgogo wa magunia. Ulikuwa wakati Mdachi anapigana na Mwingereza, na chakula kilipita stesheni usiku na mchana kwenda kwa askari, na Elieza alikuwa mmoja wa waliokibeba.

Sasa, mdomo huponza kichwa, na wa Elieza uliponza vichwa vya wengine. Siku moja ghalani, wakati wa kupumzika, mnyapara mmoja wa pwani alimtazama anavyotafuna ubuyu akasema, mbele ya watu, kwamba Ugogo ni vumbi na njaa, na Mgogo akija mjini kaja kuomba. Wakacheka wote. Elieza hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini Mgogo umtukane yeye atanyamaza. Usiseme kwao mgeni hulala na njaa. Akasimama. Akasema kwao uwele hujaza vilindo vya magome ukabaki, wakachimba mashimo chini ya mazizi, wakayafunika kwa samadi, na mgeni hata aje mwaka wa ukame atakula mpaka asaze. Akayataja mazizi yenye mashimo kwa majina ya wenyewe, moja baada ya jingine, na la kwanza likawa la kwao. Ah, siku ile alijisikia mtu! Mnyapara naye aliacha kucheka, akamuuliza kwa upole kijiji kiko upande gani.

Askari walikwenda moja kwa moja kwenye mazizi. Magunia yalipofika stesheni yalikuwa yananuka samadi, na Elieza akayabeba mwenyewe kuyaingiza ghalani. Aliijua harufu ile. Baadaye akaondolewa kwenye kubeba, akapewa kazi ya kukaa mlangoni, kivulini. Jioni ya siku hiyohiyo mama yake alianza kusaga.

Aliona aibu, lakini aibu ile aliipatia dawa. Alijiambia: kama mama anasaga, basi anacho cha kusaga. Kwa dawa hiyo akala, na mashavu yakamjaa.

Yotham alifika jioni moja wakati jiwe linaendelea. Alikuwa jirani yao wa kijijini, wa ukuta kwa ukuta, mtu mzima kuliko Elieza, na miguu yake ilikuwa imepasuka kwa safari. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akavua kofia.

"Mbukwa, mama," akausalimu mlio. Kisha akamsalimu Elieza, akakaa.

Elieza akamuuliza habari za nyumbani.

"Habari ni njaa. Mama yako yupo, anatembea. Jioni anasaga jiwe tupu."

"Tupu vipi, kaka?"

"Hamna hata punje. Anasaga ili wajukuu wasikie mlio, wajue chakula kinakuja, wapitiwe na usingizi wakingoja." Yotham akautazama unga unavyodondoka kwenye ngozi. "Kumbe ndio huu. Tulikuwa tukijiuliza unakwenda wapi."

Elieza alisonga ugali kwa sababu mgeni hawezi kukaa bila kula. Wakala kwa mlenda, sahani moja, na Yotham akaeleza kilichomleta. Shimo lake alilichimba mwisho kabisa, baada ya Elieza kuondoka, na askari walipokuja wakachimbua mazizi yote ila lake. Kijiji kikasema basi ni yeye aliyewauza. Wakagawana uwele wake, wakamfukuza. Mkewe Lydia amebaki na watoto, na hakuna anayemwazima hata moto.

"Wewe mwenzetu uko pale ghalani," Yotham akasema. "Unasikia mambo. Nitafutie jina la aliyesema. Jina tu. Nikilipata nasimama mbele ya wazee nalitaja, narudi nyumbani kwangu."

Jina lilikuwa limekaa naye hapohapo, linakula naye. Elieza akafikiri watakavyomtemea mate mama yake wakijua ni mwanawe, akajiambia anamwonea mama huruma. Uongo mtupu. Alijionea huruma mwenyewe: kile kivuli cha mlangoni, na kwao ambako hangeweza kurudi tena.

"Ongeza mlenda, kaka," akasema. Halafu akasema, "Jina sijalisikia. Wanasema ni watu wa pwani tu waliokisia."

Yotham akaitikia kwa kichwa polepole. Alimwamini. Afadhali angemshika shingoni, maana kule kuaminiwa kulimchoma Elieza mpaka tonge likagoma kushuka. Akalisukuma kwa maji.

Asubuhi Yotham akasema hana pa kwenda, na kule stesheni wanatafuta wapagazi wa kufuata askari. Watu walikuwa wakienda huko na habari zao hazirudi. Hilo Dodoma nzima ililijua, na Elieza alilijua.

"Ukilisikia jina, mpelekee Lydia," Yotham akasema.

"Nitampelekea," Elieza akasema.

Elieza akasimama mlangoni pa ghala akamwona Yotham anatwishwa mzigo kichwani na kuungana na mstari. Yotham akamnyooshea mkono wa kwaheri, kwa heshima, kama mtu anayemuaga ndugu aliyemkirimu.

Jioni jiwe likaanza. Elieza akatandika ngozi. Mama akasukuma, akavuta, akatulia. Na alipotulia ukasikika mlio mwingine, wa jiwe jepesi zaidi, unaokwenda mbio kisha unasimama, kama msagaji anamweka mtoto sawa mgongoni. Elieza aliusikia mkono ule miaka yote kupitia ukutani kwao. Ulikuwa wa Lydia. Unga ukadondoka kutoka pande mbili, ukakutana katikati ya ngozi.

"Leo wako wawili?" Mwamvua akauliza.

"Wawili."

"Basi kijungu chako hicho cha unga hakitatosha."

Elieza akauangalia unga mpaka mawe yote mawili yakanyamaza. Kisha akatoka kwenda kuazima chungu kikubwa kwa Mwamvua.