Sumu ya Komando

Bi Najma alimwambia Athanas mbele ya wapangaji wake wote, "Huyu mbwa wako asiponyamaza, iko siku utamkuta kalala moja kwa moja."

Nyumba yake ya urithi, mtaa wa Sikukuu, ilitenganishwa kwa ukuta mmoja tu na ghala la viatu la Athanas. Komando, mbwa wa ghala hilo, alibweka kila gari la mzigo lilipofika, na wajukuu wa Bi Najma hawakulala.

Siku chache baadaye Komando akaanza kutapika.

Athanas alikwenda moja kwa moja kwenye kibaraza cha Bi Najma, wapita njia wakisikia, akasema mama huyu kamlisha mbwa wake sumu. Akayarudia hayo kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Utanitaka radhi hapohapo uliposimama," Bi Najma alimjibu, akafunga mlango.

Severine, mke wa Athanas, alitaka waite daktari wa mifugo. Athanas akakataa. Sumu alikuwa anaijua. Kwao Rombo alishaona mbwa waliotegewa nyama. Akawa anamnywesha Komando maziwa na mkaa uliosagwa, huku akimlaani jirani kila anapomshika taya. Mbwa akazidi kudhoofu. Tongo zikamganda machoni, makamasi mazito yakamtoka, kikohozi kikamkaba. Linda, mbwa jike aliyelinda ghala pamoja naye, aliendelea kunywa maji kwenye bakuli lilelile.

Kisha Komando akaanguka, akirusha miguu na kutafuna hewa. Wapagazi wa ghala wakapiga kelele kwamba ana kichaa, wakaokota mawe. Severine akampigia simu daktari bila kumuuliza mumewe.

Dokta Candida alifika na glavu mkononi. Aliuliza kuhusu chanjo.

"Nilimchanja," Athanas alisema. "Ya kichaa."

"Na nyingine?"

"Nyingine ipi?"

Daktari alipangusa tongo kwa kijiti cha pamba, akakitia kwenye kipimo, akasubiri. Bi Najma alikuwa ameshatoka, amesimama mlangoni mwa ghala na khanga yake mabegani.

"Hii ni distempa," daktari alisema. "Ni kirusi. Mbwa huambukizana kwa kikohozi, makamasi, hata chombo cha maji. Binadamu hapati."

"Sumu haimo?" Athanas aliuliza.

"Hakuna dalili ya sumu hapa."

"Basi mpe dawa."

"Dawa ya kuua kirusi hiki hakuna. Tungewahi, ningempa dripu, antibiotiki ya kifua, na uangalizi. Wapo wanaopona. Huyu kimeshaingia kwenye ubongo. Mkaa na maziwa vimekupotezea muda, na vingeweza kumwingia mapafuni."

Athanas alimtazama Komando, taya likimchezacheza. Alikuwa amemlea tangu akiwa kitoto cha kubebwa kwenye boksi la viatu. Daktari alipouliza kama ampumzishe asiteseke zaidi, aliitikia kwa kichwa, na Komando akachomwa sindano ya mwisho.

Linda alitengwa. Daktari alieleza kwamba chanjo humkinga mbwa ambaye bado hajaambukizwa, haimtibu mgonjwa. Watoto wa mbwa huanza kuchanjwa mapema na kurudiwa mpaka miezi minne, kisha wanaongezewa baadaye. Kwa Linda, huenda walikuwa wamechelewa.

"Sasa sema," Bi Najma alimwambia Athanas.

"Kumbe haikuwa wewe."

"Hiyo kumbe sitaki. Ulikuja kibarazani kwangu kwa sauti, rudi kwa sauti."

"Wewe ulimwombea kifo."

"Nilimwombea anyamaze. Aliyemkosesha tiba ni wewe, na chuki zako."

Severine alimshika mumewe mkono, Athanas akautoa. Hakwenda kibarazani, si siku hiyo wala iliyofuata. Bi Najma akampeleka kwa mwenyekiti, na huko, mbele ya watu wachache, Athanas alitamka neno samahani akiangalia ukuta. Bi Najma alisema amelisikia, hajalipokea.

Linda alianza kukohoa mwisho wa juma. Safari hii daktari aliitwa asubuhi ileile. Linda alipona, ila mguu mmoja wa nyuma ulibaki ukitetemeka, na kubweka kwake hakukupungua hata kidogo. Bi Najma alipandisha ukuta matofali manne zaidi.